Kitufe cha Kwenda Mbele

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kwanza toeni kidole kwenye simu mkitazame. Kutwa nzima mnakitelezesha juu ya kioo, huku na huku, wala hamjui kinafanya nini. Msione aibu, hata mimi sikujua. Nimezaa saba, nimezika wawili, nimefika umri wa kuota jua la asubuhi, ndipo nikafundishwa jinsi kidole kinavyotembea. Aliyenifundisha ni mkwe wangu, mke wa mwanangu wa tatu. Alikuwa anamtengenezea kidole mume wangu, na kwa miaka minne hakuwahi kukaa naye chumba kimoja.

Niseme kwanza hilo la chumba. Kwetu mke wa mwana hamkaribii baba mkwe. Hampi kitu mkononi, hali chakula mbele yake, haingii mahali alipokaa. Akimsalimu anapiga magoti nje ya mlango na kutazama chini. Wazee wa upande wangu wanaita buko. Mzee wangu ni Mwislamu, watu wake walikuja na biashara kutoka Kasongo, na kwao hakuna ukali huo, mke wa mwana ni binti tu. Lakini desturi za nyumba ziko mikononi mwa mama. Mimi nililelewa hivyo, nikaolewa nikamwogopa baba yake hivyo hivyo, na huyu mkwe naye aliletwa kwangu akiwa amefundwa hivyo na mama yake. Sikuona sababu ya kubadilisha kitu kilichokuwa kinatembea vizuri.

Basi mzee alikuwa na kiti chake barazani. Mkwe alikuwa na meza yake uani, nyuma ya ule ukuta wa matofali yenye matundu, na hapo alitengeneza simu za watu wa mtaa mzima. Alisoma umeme shuleni. Mumewe, mwanangu, ni dereva wa lori la Dilolo, wiki mbili yuko, wiki tatu hayuko. Mzee na mkwe walisikiana kila neno kupitia yale matundu, lakini maneno yalipaswa kupita kwangu. Mkwe alimwita mzee tata, yaani baba.

"Mama, umuambie tata chai iko tayari."

"Nimesikia," anasema mzee.

"Amesikia," namwambia mkwe.

"Umuambie asante," mzee ananiambia.

"Nimesikia, mama," anajibu mkwe kutoka uani.

Wajukuu walikuwa wanatucheka, nami nawafukuza wakachote maji.

Kisha kiharusi kikaja. Ilikuwa mchana, saa ile wanapolipua mawe kule kwenye machimbo ya Mashamba na vikombe vinagongana kabatini. Vikombe viligongana, nikageuka kuviangalia, na nilipomrudia mzee mdomo wake ulikuwa umeteremka upande mmoja. Hospitalini tulikaa siku kumi na mbili. Mguu ulirudi. Ulimi ulirudi, mzito kidogo. Mkono wa kuume haukurudi, na wa kushoto ukabaki kutetemeka, ukipumzika tu anapolala. Daktari aliniita pembeni akaniambia kichwa kinaonekana kizima, lakini tuangalie, kwa maana baada ya ugonjwa huu wengine wanapoteza kusoma. Wanatazama herufi wanaona nyayo za kuku. Nilificha neno hilo moyoni. Nilikuja kujua baadaye kwamba mlango ulikuwa wazi, na mzee alilisikia lote.

Sasa niwaambie kwa nini kusoma kulikuwa jambo. Baba yake mzee aliacha daftari kubwa lenye jalada jeusi. Limeandikwa kwa Kiswahili chetu, ila kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa Kasongo wa zamani. Humo mna nani alizaliwa kwa nani, nani alizikwa wapi kando ya njia, dawa za tumbo, na safari yake mwenyewe ya kuja huku kwenye shaba. Nyumbani kwetu aliyejua kuzisoma herufi zile alikuwa mtu mmoja tu, mzee. Watoto wetu walikwenda shule za Kifaransa. Mimi nilikwenda shule miaka miwili, nikaondolewa kulea wadogo zangu. Kila mwaka mzee alisema, mwaka huu nitawasomea, muandike kwa herufi zenu. Na kila mwaka kukawa na lori limeharibika, au arusi, au msiba.

Alipotoka hospitali hakuomba chakula, aliomba daftari. Nikalitoa katika sanduku la bati, nikaliweka magotini pake. Karatasi zake zimekuwa kama majani makavu ya mahindi. Mkono wake wa kushoto ukashika pembe ya ukurasa, ukatetemeka, na ukurasa ukapasuka katikati. Ulikuwa ukurasa wa maziko ya mama yake. Alijua bila kuusoma, kwa sababu baba yake alichora mstari mweusi pembeni.

"Rudisha katika sanduku," akasema.

Hata mstari mmoja hakuwa amesoma. Ndiyo maana nilimwelewa alipokaa kimya siku ile na ya pili yake. Hakujua kama herufi bado zimo kichwani, na sasa alikuwa anaogopa kujua.

Mkwe alisikia ule mpasuko kutoka uani. Kesho yake akaniomba daftari. Alilifungua mezani kwake, akawa anainua kila ukurasa kwa kile kisu chembamba cha plastiki anachofungulia simu, anapiga picha, anashusha. Mchana wa siku mbili ulikwisha hivyo. Akaziweka picha zote katika simu moja yenye kioo kipana, ambayo herufi zinaweza kukuzwa mpaka ziwe kama nzige. Nikampelekea mzee. Nilijiona nimemaliza kazi.

Simu haikumwelewa. Kidole chake kikigusa mara moja, kwa kutetemeka kioo kinahesabu mara tatu. Picha inakuwa kubwa, inakuwa ndogo, inatoweka. Siku moja simu ilimuuliza kwa Kifaransa kama anataka kufuta picha, na kidole chake kikajibu ndiyo. Mkwe akalazimika kuipiga upya.

"Nigeuzie wewe," mzee akaniambia.

Nikajaribu. Vidole vyangu viliosha mawe ya madini miaka mingi kule Kingamyambo, katika maji ya tope, ile miaka ya njaa wanawake tulipokwenda huko wengi. Ngozi imekuwa kama ya kisigino. Nikasugua kioo, kioo kimya. Nikalamba kidole, nikasugua tena.

"Ata simu inakuogopa," mzee akasema, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu hospitali.

Wajukuu nao walimgeuzia. Mtoto anageuza kabla hujamaliza, anajikuna, anatazama nje, anageuza mbili kwa pamoja. Siku ya tatu mzee alisukuma simu kando. "Mutu mukubwa hageuziwi kitabu sawa mutoto mudogo," akasema. Simu ikarudi uani kwa mkwe.

Jioni ile mkwe aliniita kwenye meza yake.

"Mama, mi nitamutengenezea tata kidole."

"Kidole gani? Umekuwa Mungu?"

"Kidole cha uongo. Telekomande. Yeye anabonyeza butoni, simu inafikiri mutu ametelezesha."

Nilimwambia asinichezee. Akanionyesha kibao kidogo cha kijani, kifupi kuliko kijiti cha kiberiti, alichoagiza Lubumbashi kwa dereva wa basi. Alisema kibao hicho kinazungumza na simu hewani, kwa ile Bluetooth mnayotumia ninyi kutumiana nyimbo. Ukikifundisha, kinaweza kuiambia simu, mimi ni kidole, nimegusa hapa, sasa niko hapa, sasa hapa, sasa nimeinuka. Simu haina macho. Inaamini.

"Kwa hiyo ni kuongopa," nikasema.

"Kidogo, mama."

"Endelea."

Kazi ilichukua majuma. Mara ya kwanza kibao kilijitambulisha kama kipanya cha kompyuta, ukatokea mshale mweupe unatembea juu ya maandishi ya marehemu. Nikamwambia mzee hawezi kuwinda mshale kwa mkono ule. Akabadilisha. Mara ya pili simu na kibao vilisalimiana vizuri kisha hakuna kilichotikisika. Mara nyingine kuran, yaani umeme, ilikatika mtaa mzima siku mbili, akakaa na kompyuta yake imekufa, anachonga vifuniko vya chupa viwe vitufe. Kimoja kikubwa, chekundu, cha kwenda mbele. Kimoja kidogo, cheupe, cha kurudi ukikosea.

Halafu kukawa na jambo la mkono. Alitaka kujua unatetemeka namna gani, kwa kasi gani, ili kibao kisihesabu kubonyeza mara moja kuwa mara tatu. Asingeweza kwenda kuushika. Asingeweza hata kukaa mbele yake autazame.

"Mama, uniambie."

Nitamwambia vipi kutetemeka? Nilikwenda barazani nikashika mkono wa mzee, nikakaa nao kimya mpaka mkono wangu ukajifunza. Nikarudi uani nikashika mkono wa mkwe, nikautetemesha vile vile. Alifumba macho, anahesabu kwa midomo.

"Mara mbili hivi, kwa haraka, kisha tulivu kidogo," akasema.

"Ndivyo."

"Munafanya nini huko?" mzee akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Tunapima mkono wako," nikasema.

"Na mbona mi niko huku?"

Mkwe alicheka mpaka akafunika uso kwa kitenge. Lakini kesho yake kibao kilikuwa kimefundishwa. Ukibonyeza, kinaziba masikio kidogo, na kutetemeka kote kunakofuata hakisikii.

Kosa letu kubwa la siku zile lilikuwa la kopo. Mzee anapenda kopo lake la maziwa ya unga, kwa miaka anawekea tasbihi yake humo. Nikasema kidole kikae katika kopo hilo, atalijua kwa kulipapasa. Mkwe akatoboa, akafunga vitufe, akaziba vizuri, na simu ikawa kiziwi kabisa. Tulibadilisha betri, tukabadilisha nyaya, nikataka hata tufukize ubani. Mwishowe alifungua mfuniko ili achungulie, na papo hapo simu ikasikia. Kumbe bati linazuia maneno yasitoke. Tukahamia katika kisanduku cha plastiki cha kuwekea sabuni, na mzee akarudishiwa kopo lake lenye matundu mawili.

Likabaki la mwendo wenyewe. Kidole cha uongo kilikuwa kinagusa, kinasogea, kinafika upande wa pili, kinainuka. Na ukurasa unakwenda mpaka nusu, kisha unarudi ulikotoka. Akiharakisha, simu inadhani imeguswa tu mara moja, inakuza picha. Akipunguza, ukurasa unarudi. Siku nne. Alianza kukosa usingizi, na siku ya tano nilimkuta ameinamia meza.

"Inafika mwisho, mama. Inafika kabisa! Sijui mbona inarudi."

Nilikuwa na ungo mkononi, napepeta mchele. Nikamwambia anionyeshe kidole chake chenyewe, cha nyama. Akatelezesha. Nikamwambia arudie, polepole. Nikaona.

"Kidole chako wewe hakisimami," nikasema. "Kinainuka kikiwa bado kinakwenda. Kile cha uongo kinafika, kinasimama, kinasalimia, ndipo kinainuka. Tazama ungo. Ukisimamisha ungo kabla makapi hayajaruka, makapi yanarudi kwenye mchele. Unatupa ukiwa bado unakwenda."

Alitazama ungo. Kisha akaanza kuandika katika kompyuta bila kunijibu, jambo ambalo siku nyingine ningemgombeza. Alizipanga zile hatua upya. Mwanzo ziko karibu karibu, mwisho zinaachana, na kidole kinainuka kwenye hatua ndefu kuliko zote. Akabonyeza chekundu. Ukurasa ukaruka ukakaa.

Tuliujaribu mara hamsini. Mimi mwenyewe, mwenye vidole vya kisigino, niligeuza kurasa kama karani.

Asubuhi iliyofuata nilimfunga mzee kisanduku juu ya mkono wa kiti, chini ya kiganja cha kushoto, nikaisimamisha simu mbele yake juu ya kijimeza. Nikamwambia chekundu ni mbele, cheupe ni kurudi. Alitaka kuanzia safari ya baba yake, ambayo kichwa chake kiliandikwa kwa wino mwekundu. Nikabonyeza mpaka wino mwekundu ukatokea. Akasema tumwache peke yake.

Tulikaa uani, mkwe na mimi. Tukasikia sauti yake, nzito, inatafuta, inapata. Alikuwa anasoma! Mkwe alinishika mkono bila kuomba ruhusa. Mzee alisoma ukurasa ule wote kwa sauti, tukasikia kitufe kikilia kwenye plastiki. Kisha hatukusikia kitu. Kitufe tena. Kimya. Kitufe. Kimya.

"Anasoma kwa moyo," nikasema.

Siku tatu alikaa mbele ya simu ile. Tulimpitia tukisifu. Watoto walisifu, majirani waliletwa kuona, mwanangu alipiga simu kutoka Dilolo akasema wakubwa wa machimbo hawana kitu kama hicho. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa. Siku ya nne alikataa chai. Nikakaa chini karibu na kiti chake, nikamuuliza.

"Mama," akasema, "daktari alisema ukweli. Herufi naziona. Neno moja moja nalipata. Lakini haziungani. Namaliza ukurasa, napindua, maneno yanakuwa ya mutu mwingine. Hapa baba amefika mutoni, kuna mwanamuke anamuambia neno. Mi napindua nisikie neno gani, naona mbuzi wawili wamekufa. Narudi, nasoma tena, nakwenda mbele, ni mbuzi. Chombo ni kizuri. Kichwa njo kimeharibika. Nimesahau kumusoma baba yangu."

Aliyasema bila kulia. Ningependa angelia.

Nami nikaamini. Haya nayaandika ili mnijue. Nilimwamini daktari, niliamini kisanduku, na sikuamini kichwa cha mtu niliyeishi naye miaka arobaini na zaidi. Kile kidole tulikuwa tumekisifu mno, hakuna aliyefikiri kukiuliza swali.

Nilikwenda chumbani nikafungua sanduku la bati, sijui kwa nini, labda nilitaka kulifungia daftari moja kwa moja. Nikalishika. Na mikono yangu, badala ya kulifungua kama kitabu cha shule, ililigeuza. Ndipo nikamkumbuka baba mkwe wangu.

Nilikuwa bibi arusi. Kila alasiri nilimpelekea maji, napiga magoti kizingitini, naweka kikombe chini, naondoka. Miaka mingi, sikumtazama uso. Lakini mtu aliyeinamisha macho anaona mikono. Niliona mkono wake unatembea juu ya karatasi ukitoka kuume kwenda kushoto, kama anayefagia kuja kwake. Na jalada alilifungulia upande ambao sisi tunaita mwisho. Hicho ndicho kitabu chao, mbele yake iko nyuma yetu.

Na mkwe wangu, ni nani alimwonyesha? Alipiga picha kuanzia upande anaoujua kutoka shuleni, ule wa vitabu vya Kifaransa. Picha yake ya kwanza ilikuwa ukurasa wa mwisho. Hakuwahi kumwona mtu akisoma herufi zile. Aliyezisoma alikuwa ng'ambo ya ukuta, na mimi ndiye niliyeutunza ukuta.

Sikukimbilia kusema. Nilitaka kuona, maana tulikwisha kuamini mengi bila kuona. Nikafungua daftari upande wa baba mkwe mpaka kwenye wino mwekundu. Nikainua ukurasa huo taratibu. Ukurasa uliofuata una doa la wino pembeni, linafanana na jembe lisilo na mpini. Kusoma herufi zile sijui, doa nalijua. Nikatoka nikaenda barazani, simu bado iko kwenye wino mwekundu. Nikabonyeza chekundu: hakuna doa. Nikabonyeza cheupe, nikarudi kwenye wino mwekundu. Nikabonyeza cheupe mara nyingine.

Jembe lisilo na mpini, hapo juu ya kioo.

"Soma," nikamwambia mzee.

"Nimechoka, mama."

"Baba yako amefika mtoni na yule mwanamke hajamaliza kusema. Soma."

Aliinua macho. Midomo ilianza kabla ya sauti.

"'...tua mzigo kwanza, mgeni, ndipo uulize njia.'" Akasoma tena. "Njo neno! Njo neno lake, mama! 'Tua mzigo kwanza.' Baba alikuwa anatuambia hili kila siku!"

Akabonyeza cheupe mwenyewe. Maneno yakaungana. Akabonyeza tena, yakaungana. Yule mwanamke alimpa baba yake mihogo na mahali pa kulala, na mzee akasoma mihogo hiyo kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Ninasema kweli, mwanamke aliyekufa zamani alipokea shukrani siku ile.

Nikaenda uani nikamkuta mkwe amesimama na bisibisi mkononi, anatokwa machozi. Alikuwa amesikia yote.

"Mi njo nilimuharibu tata kichwa. Siku tatu. Mulete hicho kisanduku, nakibadilisha sasa hivi. Na picha nazipanga upya zote."

"Ngoja," nikasema.

Nilirudi barazani, nikafungua kile kisanduku cha sabuni kwenye mkono wa kiti, nikakizungusha, nikakifunga tena. Chekundu kikakaa ambapo cheupe kilikuwa, na cheupe mahali pa chekundu. Nikamwonyesha mzee kwa kidole: sasa cheupe ni mbele, na mbele iko upande ambao mkono wako umeshauzoea.

"Mama ametengeneza bila bisibisi," mkwe akasema kupitia matundu, huku bado analia.

Ndipo mzee akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakusema "umuambie". Aligeuza uso kwenye ukuta akasema na mkwe moja kwa moja.

"Mama yangu, haukuniharibu kitu. Umenipa kidole. Kosa ni la ukuta. Ungekuwa unakaa hapa ungeniona nasoma mara moja tu, na ungejua mbele yangu iko wapi."

Mkwe alikuwa ananitazama mimi kupitia matundu. Na mzee, nilijua, alikuwa ananitazama mimi. Desturi ile haikuwa yake.

Niliwaza zile alasiri zangu kizingitini, mikono ya baba mkwe inatembea mbele yangu, na mimi sikuuliza hata herufi moja. Ningeuliza, leo nyumba hii ingekuwa na watu wawili wanaosoma. Buko haikuwa kosa. Ilitufundisha kutoingiliana, na nyumba ya watu wengi inahitaji hilo. Lakini wazee wetu wenyewe waliacha njia ya kuifungua. Baba mkwe anatoa zawadi, mkwe anaipokea mkononi mwake, na kuanzia hapo anaingia. Ni sisi wavivu tusioitumia.

Nikatoa kitenge kipya katika sanduku, nikachagua jogoo wa kuchinja uani, yule mwenye kiburi. Nikaweka kitenge juu ya kiganja cha mzee kinachotetemeka. Mkwe akaja mpaka kizingitini, akapiga magoti kwa mazoea, na mzee akanyoosha mkono. Kitenge kilitetemeka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Jogoo alipiga kelele zote zilizobaki.

Watoto walikuwa wamejaa mlangoni, na mwanangu alikuwa kwenye simu kutoka Dilolo, anauliza kuna nini. Niliwanyamazisha wote. Kisha nikatoa amri, nayo ni hii:

"Chukueni kiti cha mkwe huko nyuma ya ukuta, mukilete hapa, upande wa kuume wa tata. Kila siku saa kumi anakaa hapo na daftari jipya, tata anasoma, yeye anaandika, na anajifunza hizo herufi mpaka azijue. Batoto wengine mukae chini musikilize. Na mutu yeyote asithubutu kumubonyezea tata kitufe chake."